Chenga Kwenye Miwani

Droni ya kwanza niliyoiunda kwa mikono yangu ilikaa hewani sekunde zisizozidi nane. Iliinuka, ikaenda mrama, ikajibamiza chini kichwachini. Nilikuwa nimefunga mapangaboi mawili kinyume. Nikabaki nimeshika rimoti, koo limenikauka, nikingoja aliyekuwa akinifundisha anipe pole. Hakunipa. Aliinama, akaokota mkono wa fremu uliokatika, akanikabidhi. "Mdogo wangu, hiyo ni kaboni na plastiki tu. Okota, twende tukafunge mwingine."

Ilikuwa 2016. Mchezo wenyewe ni wa mbio. Unavaa miwani mizito inayokuziba macho kabisa, ndani yake kuna skrini, na unachokiona ni kile inachokiona kamera ndogo iliyo puani mwa droni. Chombo hakifiki hata kilo moja pamoja na betri yake, lakini kinapita kilomita 100 kwa saa bila kutoa jasho. Kinachokifanya kitulie hewani ni kipimo cha mzunguko na mwinamo, cha jamii ileile na kile kinachogeuza skrini ya simu yako unapoilaza ubavu. Simu zilipoenea dunia nzima, kipimo hicho kikawa bei ya bure, na vijana wakaanza kukitia kwenye vitu vinavyoruka. Asili ya droni hizi ndogo iko hapo, zaidi ya kwenye maabara ya jeshi lolote.

Picha inakujia kwa mawimbi ya redio ya kizamani, si ya kidijitali, kwa sababu ile ya kizamani haichelewi. Ikikaribia kukatika inaanza kumeremeta, mistari inapita, halafu chenga tupu, kama televisheni ya zamani iliyopoteza stesheni. Sisi chenga tulizicheka. Zilimaanisha umepita nyuma ya mti, au umeshuka chini mno, au umeanguka. Unavua miwani, unatembea na begi lako mpaka kwenye majani, unatafuta. Kikipatikana, sawa. Kisipopatikana, unacho kingine kwenye begi.

Hilo la kuwa na kingine kwenye begi ndilo lililotenganisha walioshinda na walioshindwa. Niliwaona watu wenye droni nzuri kuliko zangu wakirusha kwa woga, wanapita mbali na milango ya mbio, wanapunguza mwendo kwenye kona, kwa kuwa walikuwa na moja tu na iliwauma. Anayeogopa kuvunja hafiki popote. Mimi nilijifunza kununua vya bei rahisi, vingi, vinavyofanana, ili nikivunja kimoja nisihesabu hasara usiku kucha.

Mwaka uliofuata tulifanya mashindano ya kipuuzi. Kila mmoja alifunga kishikio kidogo cha plastiki chini ya droni yake, kinachofunguka kwa swichi, akabeba mpira wa tenisi na kujaribu kuudondosha ndani ya ndoo. Nilishika nafasi ya tatu. Tulicheka sana siku ile. Miezi hiyohiyo, huko Mosul, wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu walikuwa wakitumia droni za dukani, zile za kupigia picha za harusi, kudondosha mabomu madogo juu ya magari ya jeshi la Iraki. Rafiki alinionyesha video moja. Nilitazama kishikio chao. Kilifanana na changu hata namna kilivyofungwa kwa vibano vya plastiki. Sikusema kitu. Nilijiambia kwamba kisu nacho hukata nyanya na hukata mtu, nikaendelea na mbio zangu. Ni hoja ya uvivu ile, lakini ilinitosha kwa miaka kadhaa.

Vita vya Nagorno-Karabakh vya 2020, kati ya Azerbaijan na Armenia, sikuviona kama vinanihusu. Vilidumu siku 44, na droni zilizotajwa kila siku zilikuwa Bayraktar TB2 za Uturuki, ndege hasa, za mamilioni ya dola, ingawa bado ni rahisi ukizilinganisha na ndege ya kivita. Kitu kimoja tu kilinikaa kichwani. Azerbaijan ilichukua ndege zake kuukuu za An-2, muundo ulioruka mara ya kwanza 1947, zikarushwa bila rubani kuelekea kwenye ngome za Armenia ili mitambo ya kutungua ndege ijifichue kwa kuzifyatulia. Ikishajifichua, inapigwa. Nilipolisoma nikakumbuka mkono ule wa kaboni niliokabidhiwa: kuna kitu unakirusha ukijua hakirudi, na hasara yake umekwishaikubali kabla hakijaondoka.

Halafu ukaja Februari 2022, Urusi ikaivamia Ukraini, na baada ya miezi kadhaa video zikaanza kumiminika.

Nakumbuka ya kwanza niliyoitazama kwa makini. Kamera inashuka kuelekea kwenye gari la deraya lililofichwa kando ya miti. Watu wengine, nadhani, walitazama gari. Mimi nilitazama pembeni ya picha. Kwenye skrini zetu kuna maandishi meupe yanayoelea juu ya picha: muda uliokaa hewani, nguvu ya mawimbi, volti za betri. Herufi zake zina umbo lake, zimechongeka kama za mashine za zamani, na zinatoka kwenye programu huria ambayo mimi mwenyewe nimeiweka kwenye droni zangu mara zisizohesabika. Ndizo zilizokuwa pale. Nikasoma volti kwa mazoea tu, kama dereva anavyochungulia geji ya mafuta. Betri ilikuwa imekwisha. Rubani yeyote anayejali chombo chake angekuwa amegeuka nyumbani dakika mbili kabla. Huyu hakugeuka. Hapo ndipo nilipoelewa ninachotazama, sekunde moja kabla ya chenga.

Na chenga zenyewe zilikuwa zilezile.

Tangu hapo nimesoma na kusikiliza mengi kuhusu vita hivi, na naona watu wengi wanashangaa kitu kisichostahili kushangaza. Wanashangaa kwamba chombo cha dola 400 au 500, kilichobeba kichwa cha roketi ya RPG, ile ya kufyatulia begani, kinaunguza kifaru cha mamilioni. Silaha za bei ndogo kuua vya bei kubwa ni jambo la zamani, RPG yenyewe ilikuwa hivyo. Kipya ni kwamba hiki kinazunguka. Kinaingia kwa nyuma, kinatafuta mlango ulioachwa wazi, kikikosa kinafuatwa na kingine baada ya dakika tatu, na kingine. Marekani iliipa Ukraini vifaru 31 vya Abrams, na kufikia Aprili 2024 vilikuwa vimeanza kuondolewa mstari wa mbele kwa sababu ya droni. Kifaru hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimoja, na kinaonekana.

Upande wa ulinzi hesabu ni chungu zaidi. Shahed-136, ile ya Iran ambayo Warusi wanaitengeneza kwa jina la Geran-2, ina injini ndogo yenye mlio wa pikipiki, mpaka Waukraini wenyewe wanaiita mopedi. Haina haraka, inakwenda kama kilomita 180 kwa saa. Makadirio mengi yanaweka bei yake kati ya dola 20,000 na 50,000. Kombora moja la Patriot la kuitungulia linakaribia dola milioni 4. Hata ukizitungua zote, umepoteza. Ndiyo maana Ukraini imerudi kwenye bunduki za rashasha zilizofungwa kwenye magari madogo, na sasa kwenye droni ndogo zinazokwenda kugonga droni nyingine. Septemba 2025 droni za Urusi zipatazo ishirini ziliingia anga ya Poland, na ndege za kivita za F-35 zilipaa kuzikabili. Baadhi ya zilizookotwa zilikuwa chambo tu, za sponji ngumu na mbao. Nilicheka, halafu nikajiona mjinga kwa kucheka.

Ila naomba nipunguze kidogo sifa za droni, maana nimeishi nazo. Zinaangusha watu. Kati ya safari zangu kumi za ovyo, mbili au tatu ziliishia kwa hitilafu ambayo sikuitegemea: waya uliochomelewa vibaya, antena iliyolegea, betri iliyopigwa na baridi. Na kuna jambo ambalo kila mchezaji wa mbio analijua mwilini: mawimbi yanakukimbia ukishuka chini. Juu hewani picha ni safi, ukishuka nyuma ya kichuguu tu, chenga. Kwenye vita lengo liko chini daima. Mita za mwisho, zile unazozihitaji kuliko zote, ndizo unazorusha nusu kipofu. Kwa hiyo wachambuzi wa RUSI, taasisi ya utafiti wa mambo ya kijeshi ya London, walipoandika Februari 2025 kwamba kati ya asilimia 60 na 80 ya droni hizi ndogo za Ukraini hazifiki kwenye lengo, sikushangaa hata kidogo. Taarifa hiyohiyo ilisema droni za aina mbalimbali ndizo zinazosababisha asilimia 60 hadi 70 ya uharibifu wa zana za Urusi. Weka namba hizo mbili pamoja. Chombo kinachofeli mara nyingi kuliko kinavyofaulu ndicho kinachofanya kazi kubwa, kwa sababu tu kiko kingine kwenye begi.

Somo la kuvuruga mawimbi nalo nililipata kwenye mbio, na kwa aibu. Kila rubani hupewa chaneli yake ya picha, na sheria ya kwanza ya uwanja ni kwamba huwashi droni yako wakati wenzako wako hewani. Siku moja nilijisahau, nikachomeka betri ili nikague mota. Ndani ya sekunde moja watu wawili walipiga kelele kwa pamoja. Miwani yao ilikuwa imejaa picha ya meza yangu ya kazi. Droni zao zilianguka kama maembe. Mtambo wangu ulikuwa na nguvu ndogo kuliko taa ya tochi, na ulikuwa umewapofusha. Nililipa mapanga na mkono mmoja wa fremu, na kwa wiki kadhaa waliniita "Adui".

Huko vitani jambo hilo ni sayansi nzima. Pande zote mbili zina mitambo ya kuvuruga mawimbi kwenye mahandaki, juu ya magari, hata mgongoni mwa askari. Masafa yaliyofanya kazi mwezi huu yamezibwa mwezi ujao, warukaji wanahamia mengine, wavurugaji wanawafuata. Kisha, katika 2024, Warusi wakaanza kutumia kwa wingi dawa ambayo kwa fundi ni ya kuchekesha kwa ukale wake: waya. Droni inabeba kibunda cha faiba, nyembamba kama uzi wa kuvulia samaki, inayofunguka nyuma yake kilomita kumi na zaidi. Hakuna mawimbi ya kuvuruga. Picha haina chenga mpaka mwisho. Kwenye mapigano ya Kursk, mkoa wa Urusi ambao Waukraini waliuingia, zilitesa sana njia zao za kupeleka chakula na risasi, na Waukraini nao wakaanza kuzitengeneza. Sasa kuna mashamba ambayo picha zake zinaonyesha nyuzi zimetanda juu ya nyasi kama utando wa buibui asubuhi yenye umande.

Nilitaka kujua inakuwaje kuwa upande wa pili. Si udadisi mzuri sana, najua. Nilimwomba rafiki yangu tucheze kujificha kwenye pori dogo tunapofanyia mazoezi. Yeye angekuwa na droni yenye kamera nzuri, mimi nina dakika tano za kutangulia, na nilikuwa na faida moja kubwa: nalijua pori lile kichaka kwa kichaka.

Kitu cha kwanza ni sauti. Unaisikia mapema, lakini huwezi kusema inatoka wapi. Inakuwa kila mahali, kama nyuki ndani ya chumba chenye giza. Cha pili ni kwamba mwili unataka kukimbia, na kukimbia ndiko kunakokuuza. Nikilala kimya chini ya kichaka alinipita mara mbili. Nilipohamisha mguu uliokuwa umekufa ganzi, sauti ilibadilika, ikawa kali, ikasimama. Sikuhitaji kuinua uso. Tulirudia mara sita, akanipata mara sita, mara ya haraka zaidi kabla ya dakika mbili. Na hiyo ilikuwa mchana. Usiku, mwenye kamera ya joto hahitaji hata uhame. Mwili wako unawaka kama kaa la moto kwenye skrini yake.

Baada ya mchezo ule niliacha kuuliza kwa nini majeshi mawili makubwa yamekwama namna ile. Ukanda wa kilomita 10, 15, mahali pengine zaidi, kila upande wa mstari wa mbele, umekuwa mahali ambapo chochote kinachotembea kinaonwa. Huwezi kukusanya vifaru 50 kwa siri. Askari wanasogea wawiliwawili au watatuwatatu, wanangoja ukungu, wanapanda pikipiki kwa kuwa pikipiki angalau ina mbio. Barabara zinafunikwa kwa nyavu za kuvulia. Na majeruhi wanakaa. Hili halipewi uzito unaostahili. Zamani hesabu ya madaktari wa vita ilikuwa kumfikisha aliyeumia kwenye meza ya upasuaji ndani ya saa moja. Sasa gari la kumchukua nalo linawindwa, na mtu anaweza kukaa shimoni siku nzima au zaidi na kamba ya kuzuia damu imefungwa pajani. Kiungo ambacho kingeokolewa kinakatwa.

Kisicho rahisi katika biashara hii yote ni mtu. Mimi nilikaa saa nyingi kwenye kompyuta na rimoti, nikianguka ndani ya mchezo wa kuigiza, kabla sijaruhusiwa kupita kwenye mlango wa kwanza. Mkono lazima usahau kwamba unafikiri. Kwa hiyo warukaji wazuri wamekuwa lengo lenye thamani kuliko mizinga. Wanajichimbia kwenye vyumba vya chini ya ardhi, antena inawekwa mbali na walipo, na kila upande unatafuta wa mwenzake. Katika 2024 Ukraini iliunda tawi zima la jeshi kwa ajili ya jambo hili, Vikosi vya Mifumo Isiyo na Rubani. Baadhi ya warukaji wao walitoka kwenye mbio kama zangu, au kwenye michezo ya kompyuta. Nikiwatazama kwenye mahojiano, hata namna wanavyoinamisha shingo wakivaa miwani naijua.

Tarehe 1 Juni 2025 nilikuwa mezani nikichomelea nyaya za droni ya kupimia mashamba, kazi inayonilisha siku hizi. Hiyo inatumia programu nyingine, ArduPilot, huria pia, iliyoanzishwa na wapenzi wa droni zaidi ya miaka 15 iliyopita kwa ajili ya kujifurahisha na kujifunza. Miaka michache kabla niliripoti kasoro moja ndogo ndani yake, kuhusu namna chombo kinavyotulia upepo ukibadilika ghafla. Walinishukuru, wakairekebisha. Nilijivuna wiki nzima.

Siku ile idara ya usalama ya Ukraini ilitoa droni 117 kutoka kwenye vibanda vya mbao vilivyobebwa na malori ndani ya Urusi kwenyewe, zikapiga ndege za kurusha mabomu kwenye viwanja kadhaa, kimoja kikiwa Belaya, Siberia, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraini. Video zilipotoka nikaangalia pembeni ya picha, kama kawaida yangu. Alama za ArduPilot zilikuwepo. Droni zilishuka juu ya mabawa zikitulia vizuri sana.

Sikuona haya, na sikuona fahari pia. Zile ndege zilikuwa zikirusha makombora kwenye miji. Kilichonisumbua ni kwamba sikuweza kuamua. Lakini kuna video ambazo haziniachii nafasi ya kuamua. Kherson, mji wa kusini mwa Ukraini, mtu yuko juu ya baiskeli. Anasikia sauti. Anashuka, anasimama karibu na ukuta, anainua mikono kuonyesha kwamba hana kitu. Mrukaji wa Kirusi anamwona waziwazi, kwa sababu picha ni nzuri, hakuna mvurugo, na ana muda. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema Mei 2025 kwamba mashambulizi ya aina hii dhidi ya raia wa eneo hilo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Bomu la mzinga likiua raia, aliyelifyatua anaweza kusema hakumwona. Huyu alimwona, alimfuata, alichagua. Najua alichokuwa akikiona, mpaka ukubwa wa herufi za volti kwenye kona ya kushoto.

Bado narusha. Vijana wanakuja uwanjani, nawafundisha, na wakiangusha siwapi pole. Kitu kimoja kimebadilika na sikukipanga. Zamani nilikuwa nasukuma mpaka picha ivunjike, ndio uhodari wenyewe, nione nitafika wapi kabla chenga hazijanifunika. Sasa mistari ya kwanza ikianza kupita kwenye skrini, mkono unageuza chombo wenyewe.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyekuwa akifuatilia picha yangu kwenye skrini ya pembeni aliliona hilo. "Kaka, mbona umerudi? Ulikuwa hujafika hata kwenye miti."

"Betri," nikamwambia.

Akanyoosha mkono aichukue akaichaji. Nikamwambia aache, nitaichaji mwenyewe. Nikaichomoa na kuitia begini. Ilikuwa imebaki na zaidi ya nusu.